Maji Kwanza, Samaki Mwisho: Kufuga Diskasi kwenye Akwariamu ya Mimea Mjini Likasi

Kijitabu cha elimu kwa familia, shule na wafugaji wapya wa samaki wa urembo

1. Kijitabu hiki ni cha nani

Kimeandikwa kwa mkazi wa Likasi, awe Kikula, Panda, Shituru au komini ya Likasi yenyewe, anayetaka kuweka akwariamu nyumbani, darasani au dukani na amevutiwa na samaki aitwaye diskasi. Wengi huanza kwa kununua samaki, kisha kioo, na maji huyafikiria mwisho. Sisi tunakuomba ufuate njia ya kinyume. Mji wetu una maji magumu, usiku wa baridi, umeme unaokatika na madini ya shaba chini ya kila hatua. Anayeyajua hayo manne atafuga diskasi kwa miaka mingi. Asiyeyajua atawazika ndani ya mwezi.

2. Diskasi ni samaki gani

Asili yake ni bonde la mto Amazoni, Amerika ya Kusini. Umbo lake ni la duara na bapa kama sahani, na akikomaa hufikia sentimita 15 hadi 20. Akitunzwa vizuri huishi miaka 10. Wengi wanaouzwa leo hawatoki mtoni, wamezaliwa kwenye mashamba ya Asia na Ulaya. Hao huvumilia zaidi kuliko ndugu zao wa porini, lakini mahitaji makuu hayajabadilika:

- Joto la maji: nyuzi 28 hadi 30.
- Maji laini, yaani yenye chokaa kidogo, na pH kati ya 6,5 na 7.
- Kundi la samaki 6 au zaidi. Akiwa peke yake huogopa, hukataa chakula na kudhoofika.
- Utulivu. Usiweke akwariamu mlangoni wala karibu na redio yenye kelele.

Wazazi wa diskasi hulisha watoto wao kwa ute unaotoka kwenye ngozi yao wenyewe. Ni samaki wachache duniani wanaofanya hivyo, na jambo hilo peke yake linatosha kumfanya mwalimu wa sayansi atamani kuwa naye darasani.

3. Yajue maji yako

Miamba ya ukanda wetu wa shaba ina dolomiti nyingi. Maji yanayopita ndani yake hubeba kalsiamu na magnesiamu, na hayo ndiyo maji magumu. Huhitaji maabara kuyatambua: tazama ukoko mweupe ndani ya birika, au ona jinsi sabuni inavyokataa kutoa povu. Kwa kipimo kamili, tafuta dawa za matone za kupimia ugumu, pH, amonia, naitraiti na naitreti. Bila vipimo hivyo usinunue diskasi.

*Maji ya bomba* hutiwa klorini ili yasituletee magonjwa. Klorini hiyo huchoma mashavu ya samaki. Yaache maji katika chombo wazi, huku pampu ya hewa ikiyakoroga, kwa saa 24 hadi 48.

*Maji ya kisima* hayana klorini, lakini huwa magumu na yanaweza kubeba madini. Yapime kabla ya kuyatumia.

*Maji ya mvua* ni laini, na ndiyo msaada mkubwa wa mfugaji wa diskasi. Lakini katika mji wa viwanda yana masharti:

- Usikinge mvua za kwanza za msimu, kwa sababu zinaosha vumbi la hewani na la mapaa.
- Usikinge kutoka kwenye bati. Zinki ya bati huyeyuka katika maji ya mvua na ni sumu kwa samaki. Tandaza plastiki safi mahali pa wazi, mbali na barabara ya malori ya madini.
- Usitumie pipa ambalo hujui lilibeba nini. Mapipa mengine ya sokoni yalileta kemikali za viwandani, na kuyaosha hakutoshi.
- Funika pipa kwa kifuniko au chandarua. Pipa lililo wazi huzalisha mbu, na mbu huleta malaria.

Usitumie mvua peke yake. Haina madini ya kushikilia pH, kwa hiyo pH inaweza kuporomoka ghafla. Changanya nusu kwa nusu na maji ya bomba yaliyopumzishwa, pima, kisha ongeza au punguza. Andika kipimo chako daftarini na ukirudie kila wiki.

4. Shaba: hatari ya kwetu

Sehemu hii isomwe mara mbili. Malakiti ya kijani inapendeza, na kila mtoto wa Likasi ameokota kipande chake. Usiiweke katika maji ya samaki. Malakiti ni madini ya shaba. Shaba iliyoyeyuka huharibu mashavu ya samaki na huua konokono kwa kiasi kidogo sana.

Hatari hii huongezeka kwa diskasi hasa. Katika maji magumu, chokaa hupunguza makali ya shaba. Katika maji laini yenye asidi kidogo, yale yale anayoyapenda diskasi, jiwe huyeyuka upesi na shaba huwa kali zaidi. Maji yanayomfaa samaki huyu ndiyo yanayoifungulia sumu njia. Kwa sababu hiyo tunasisitiza:

- Usitumie jiwe lolote la kijani, la bluu au jeusi lililotoka mgodini. Jiwe jeusi linaweza kuwa heterojeniti, yaani madini ya kobalti.
- Usichukue mchanga wala magogo ya mto Panda chini ya viwanda. Maji hayo yanaelekea mto Lufira na ziwa Tshangalele, lililotokana na bwawa la Mwadingusha, na taka za viwanda zimeacha madini katika matope yake.
- Usilete nyumbani jiwe lolote kutoka Shinkolobwe, hata kwa pambo la mezani. Ni mgodi wa urani, na uchimbaji wa mikono ulipigwa marufuku hapo mwaka 2004.
- Usitumie bomba, waya wala kiungo cha shaba mahali popote maji yanapopita.

Jaribio la siki husaidia kwa mawe mengine. Saga kipande kiwe unga, kisha ukimwagie siki au maji ya ndimu. Viputo vikitoka, jiwe litafanya maji kuwa magumu. Dolomiti ikiwa nzima hutoa viputo kidogo mno hata usivione, ndiyo maana lazima isagwe. Hata hivyo jaribio hili haligundui kila sumu: heterojeniti haitoi viputo. Shauri letu ni kuacha mawe kabisa. Mti na mimea vinatosha kupamba.

5. Kioo na meza

Kwa diskasi 6, andaa akwariamu ya urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50. Inabeba lita 300. Tumia kioo cha milimita 10 na silikoni safi isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kisha uiache ikauke wiki nzima. Ijaze maji nje ya nyumba siku mbili ili uone kama inavuja.

Maji, kioo na mchanga vitafika karibu kilo 400. Meza ya kawaida haitahimili. Jenga kwa matofali au chuma kilichochomelewa, pawe sawa kabisa kwa pima maji ya fundi, na juu yake tandaza bamba laini la poliestireni.

6. Joto, umeme na usalama

Juni na Julai usiku wa Likasi ni baridi kali, na diskasi hastahimili baridi. Tumia vipasha joto viwili vya wati 200 badala ya kimoja kikubwa: kimoja kikiharibika, cha pili kitaokoa samaki. Weka kipimajoto upande wa mbali na vipasha joto. Bandika poliestireni nyuma na ubavuni, na ufunike juu kwa kioo.

Umeme ukikatika:

1. Acha kulisha. Samaki mzima hafi kwa kukosa chakula siku moja au mbili.
2. Washa pampu ya hewa ya betri. Hewa inatangulia joto.
3. Funika akwariamu kwa blanketi, ukiacha hewa ipite.
4. Jaza maji ya moto kwenye chupa, uzifunge vizuri na kuzielesha juu ya maji.
5. Umeme ukikawia saa nyingi, suuza chujio, chombo kinachosafisha maji ya akwariamu, kabla ya kuliwasha tena, kwa kuwa maji yaliyolala ndani yake yameharibika.

Usiwashe mbabula ya makala ndani ya chumba ili kupasha samaki joto. Gesi isiyoonekana, monoksidi ya kaboni, inaua watu wakiwa usingizini.

Chomoa waya zote kabla ya kutia mkono majini. Kila waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yadondoke sakafuni yasiingie kwenye umeme.

7. Mimea

Si kila mmea hustahimili nyuzi 29. Anubiasi anaweza, na ni mwenyeji wa mito ya Afrika ya Kati na Magharibi. Mfunge kwa uzi juu ya mti, shina lake lisizikwe mchangani, kwani litaoza. Ekinodorasi wa Amerika ya Kusini na kangaga la Java nao wanafaa. Hao hawahitaji kuongezewa gesi ya kaboni dioksidi. Taa ya saa 8 kwa siku inatosha, na ikizidi mwani utatawala. Acha nafasi wazi mbele ili samaki waogelee.

Mchanga uwe mwembamba, uliooshwa mpaka maji yatoke meupe, kina cha sentimita 5. Mti uchemshwe na kulowekwa mpaka uzame wenyewe.

8. Wiki sita za subira

Kinyesi cha samaki hutoa amonia. Bakteria wa kwanza huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wa pili huigeuza kuwa naitreti, ambayo mimea huila. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kuenea katika chujio. Washa kila kitu bila samaki, tia chembe chache za chakula kila siku, na upime. Amonia na naitraiti zikisoma sifuri, naitreti ikionekana, akwariamu iko tayari. Hakuna njia ya mkato hapa.

Samaki wakifika, kwa barabara kutoka Lubumbashi au kwingineko, acha mfuko uelee juu ya maji kwa nusu saa, kisha uongeze maji yako kidogo kidogo. Wageni wakae peke yao wiki 4 kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

9. Kazi za kila siku na kila wiki

- *Kila siku:* soma joto, hesabu samaki, lisha mara 2 au 3 kiasi kinachoisha kwa dakika chache. Moyo wa ng'ombe uliotolewa mafuta na kusagwa ni chakula kizuri, ila mabaki yaondolewe mara moja.
- *Kila wiki:* badilisha theluthi ya maji kwa maji yenye joto lile lile na ugumu ule ule. Maji uliyotoa umwagilie lengalenga bustanini, ikiwa hukutia dawa.
- *Kila mwezi:* suuza sponji la chujio katika maji ya akwariamu. Klorini ya bomba huua bakteria.

Samaki akigeuka mweusi, akijificha, akitoa kinyesi cheupe au akihema juu ya maji, pima maji kwanza. Baadhi ya dawa za samaki zina shaba, kwa hiyo usitie dawa kwa kubahatisha.

10. Kama maji yako hayafai

Asiyeweza kulainisha maji ana hazina karibu. Samaki wadogo wa ziwa Tanganyika, kama Tropheus na Neolamprologus, wamezoea maji magumu yenye pH karibu 9 na joto la nyuzi 25 hivi. Wanatoka katika ziwa la Kalemie na Moba, na maji ya visima vyetu yanawafaa kuliko diskasi.

11. Neno la mwisho

Ukichoka kufuga, mpe mfugaji mwingine samaki na mimea yako. Usimwage chochote katika mto Panda wala Lufira. Gugu-maji, mmea wa urembo kutoka Amerika ya Kusini, liliingia katika mto Kongo miaka ya 1950, na hadi leo linaziba njia za mitumbwi. Ndugu msomaji, pima maji yako wiki hii, andika namba zake daftarini, na usilipe faranga hata moja ya samaki kabla namba hizo hazijakuruhusu.