Kabla Hujakopa Simuni, Wafikirie Waliomo Kwenye Simu Yako

Mkopo wa kawaida una mdhamini anayejulikana. Anaitwa, anaelezwa, anaweka saini au anakataa. Mikopo mingi ya mtandaoni haina utaratibu huo. Unabonyeza "Ruhusu", na papo hapo mama mkwe, bosi, mwenyekiti wa kikoba na fundi wa bomba wanakuwa wadhamini wako bila habari. Siku ya marejesho ikipita, wao ndio wanaopigiwa simu na kuambiwa wewe ni tapeli. Kausha damu, yule mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, hubeba televisheni yako. Huyu wa simuni hubeba heshima yako, tena mbele ya watu ambao hawakukopa hata senti.

Kama shida imebana na kukopa ni lazima, fuata hatua hizi.

Tafuta kampuni, usiishie kwenye jina la programu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Programu hubadilishwa jina na nembo kwa siku moja, lakini leseni hutolewa kwa kampuni. Fungua masharti, utafute jina la usajili na anwani ya ofisi, kisha ulilinganishe jina hilo na orodha ya wenye leseni kwenye tovuti ya Benki Kuu. Aliyeko Kenya afanye vivyo hivyo kwa Benki Kuu ya Kenya, ambayo imekuwa na kanuni za wakopeshaji wa kidijitali tangu 2022. Na yeyote anayetaka umtumie "ada ya usajili" ndipo akukopeshe, huyo si mkopeshaji. Mfute.

Soma ruhusa moja moja. Tangu 31 Mei 2023, Google imezikataza programu za mikopo binafsi zilizo kwenye Play Store kufikia namba na picha ulizohifadhi. Basi programu ya mkopo inayoomba namba hizo inavunja masharti ya duka, au haikutoka dukani kabisa. Mtu akikutumia kiungo cha WhatsApp upakue faili la programu, usilifungue. Angalia pia ruhusa ya kusoma meseji: humo mna salio lako, miamala yako na namba za siri za mara moja zinazotumwa na benki. Programu isiyokubali kufanya kazi mpaka ipewe vyote hivyo, iache.

Piga hesabu ya fedha itakayokufikia mkononi. Tuseme umeomba shilingi 100,000 kwa siku 7. Ada ya 15,000 inakatwa mwanzoni, unapokea 85,000, lakini unarudisha 100,000 kamili. Tangazo litasema asilimia 15. Kwa kweli umelipa 15,000 juu ya 85,000, yaani zaidi ya asilimia 17, tena kwa wiki moja tu. Ukiurudia mkopo huo mara nne mfululizo, ada pekee imefika 60,000. Jiulize kama kikoba, chama cha ushirika au hata ndugu hatakupa masharti nafuu zaidi.

Ukimaliza kulipa, ondoka kwa mpangilio. Kufuta programu hakufuti taarifa zilizokwisha kutumwa kwao. Kwanza hifadhi uthibitisho wa malipo ya mwisho. Pili, omba kwa maandishi akaunti na taarifa zako zifutwe. Tatu, ingia kwenye mipangilio ya simu, fungua programu hiyo, uondoe ruhusa zote. Kuifuta kuwe hatua ya mwisho.

Wakianza kukudhalilisha, kusanya ushahidi. Kudaiwa hakumpi mtu ruhusa ya kukuanika, ingawa deni lenyewe linabaki na linapaswa kulipwa. Usijibu matusi kwa matusi. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba, tarehe na saa, na uwaombe waliotumiwa meseji wasizifute. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Suala la leseni na riba lipeleke Benki Kuu. Kenya ina Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na meno yake yameonekana: Septemba 2023 iliitoza kampuni ya mikopo ya Mulla Pride faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine kutuma vitisho.

Na kama wewe ndiye uliyepigiwa kwa deni la jirani, usilipe kwa kuona aibu, wala usiisambaze meseji hiyo kwenye kundi la familia. Hukuweka saini popote, kwa hiyo hudaiwi. Mjulishe mwenye deni faraghani, kisha upeleke malalamiko kwa jina lako mwenyewe, kwa sababu namba iliyochukuliwa bila ridhaa ni yako.