Mapacha ni Amana Mbili: Somo la Malezi kwa Siku za Idi



Katika mji wa Tanga usiku wa kuamkia Idi haulali. Kuanzia Ngamiani hata Makorora vyerehani hulia mpaka saa za usiku mwingi, watu huulizana habari za mwezi, na akina mama huchambua mchele wa pilau na kukanda unga wa kaimati. Hiyo ni furaha ya halali, aliyotupa Mwenyezi Mungu baada ya mwezi wa kufunga.

Lakini tuingie katika nyumba moja miongoni mwa hizo. Yumo mama mwenye mapacha wa mwaka mmoja na nusu. Mmoja ameanza kukimbia. Mwenzake angali akijishikiza ukutani. Huyu akilala, yule huamka. Jiko la mkaa linawaka uani, na mama hana budi kutazama moto kwa jicho moja na watoto kwa jicho la pili. Baba alikwenda kusali, kisha akakaa barazani na wenzake. Jirani apitaye huchungulia mlangoni na kusema, “Hongera, umepewa baraka mbili!” Kisha huenda zake.

Jirani huyo amesema kweli. Lakini baraka mbili ni amana mbili, nazo zataka mikono zaidi ya miwili. Hilo ndilo somo letu.

Kila mtoto ana haki yake

Watu wa pwani hupenda kuwaita mapacha wa kiume Hasan na Husein. Kutoka bara tumepata Kurwa na Doto, majina ya Wanyamwezi na Wasukuma ambayo leo yasikika hata Tanga. Aliye mgeni katika dini huweza kudhani kwamba wajukuu wa Mtukufu Mtume s.a.w. walikuwa mapacha. Sivyo. Hasan r.a. alizaliwa mwaka wa 3 wa Hijra na Husein r.a. mwaka wa 4. Walipendwa pamoja, lakini kila mmoja alijulikana kwa nafsi yake.

Sheria ya Kiislamu nayo yahesabu hivyo. Kabla ya sala ya Idi ya Mfungo Mosi kila Mwislamu hutolewa zaka ya fitri, mkubwa kwa mdogo, mwanamume kwa mwanamke. Kiasi chake ni saa moja ya chakula, ambayo wazee wetu waliifasiri kuwa pishi, yaani vibaba vinne. Basi baba wa mapacha hawezi kusema, “Hawa ni wadogo, nitawatolea pishi moja.” Ni pishi mbili, kwa kuwa mbele ya Mungu ni watu wawili. Ikiwa mtoto asiyejua kusema amehesabiwa peke yake katika ibada, yawaje asahauliwe katika mapenzi?

Imepokewa kwamba Bashir r.a. alimpa zawadi mwanawe Nuuman, na mkewe Amra akakataa kuridhika mpaka Mtukufu Mtume s.a.w. awe shahidi. Mtume s.a.w. akauliza kama watoto wote walipewa mfano wake. Alipojibiwa kuwa sivyo, alikataa kushuhudia, akaamrisha watu wamche Mungu na kufanya uadilifu baina ya watoto wao.

Uadilifu huu huvunjika kwa urahisi siku ya Idi. Wageni humnyanyua aliye mchangamfu na kumwacha aliye mwoga. Mwenye uso wa kucheka hupata sarafu mbili, mwenzake hupata moja. Mtoto wa miaka miwili hajui hesabu, lakini ajua nani amebebwa na nani ameachwa chini. Wanaochunguza makuzi ya watoto wameona kwamba mapacha mara nyingi huchelewa kidogo kusema kuliko mtoto aliyezaliwa peke yake, na sababu mojawapo ni kwamba watu wazima husema nao kwa pamoja, hata kila mmoja akapata maneno machache yaliyo yake. Si kosa kuwashonea nguo za kitambaa kimoja. Lakini kila mmoja aitwe kwa jina lake, atazamwe usoni, na asemeshwe peke yake, japo kwa dakika chache kila siku.

Mzigo si wa mama peke yake

Kurani Tukufu katika Sura Luqman yatukumbusha kwamba mama huchukua mimba kwa udhaifu juu ya udhaifu. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mtoto mmoja, vipi kwa wawili? Na katika Sura Al-Baqara twafundishwa kwamba kunyonyesha kuliko kamili ni miaka miwili. Kwamba chakula na mavazi ya mama ni juu ya baba. Kwamba mama asitiwe taabuni kwa sababu ya mtoto wake. Na kwamba kumwachisha mtoto ziwa kuwe kwa ridhaa na mashauriano ya wazazi wote wawili.

Mama anyonyeshaye ana ruhusa ya kutofunga Ramadhani akihofia afya yake au ya watoto, kisha atafuata sheria ya kulipa au ya fidia kwa kadiri ya hali yake. Wako wanawake, hasa walioingia katika Uislamu karibuni, waonao haya kuitumia ruhusa hii wasije wakadhaniwa kuwa na imani dhaifu. Wasione haya. Aliyetoa amri ndiye aliyetoa ruhusa.

Na baba je? Bibi Aisha r.a. aliulizwa Mtukufu Mtume s.a.w. alikuwa akifanya nini nyumbani. Akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ulipofika alitoka kwenda kusali. Basi baba akimwogesha mtoto mmoja asubuhi ya Idi wakati mama akimvika wa pili, hakupungukiwa na heshima. Amefuata mwendo wa Mtume wake.

Wazee wasio Waislamu

Waislamu wapya wengi wa Muheza na Pangani wana wazazi wasiofuata dini yetu. Bibi wa watoto akija kusaidia kulea, apokewe kwa heshima na shukrani, kwani Kurani Tukufu yaamrisha kukaa kwa wema na wazazi hata kama hatukubaliani nao katika imani. Pilau ya Idi impelekee upendo kabla ya hoja.

Huenda bibi huyo akataka kuwafunga mapacha uzi mweusi au hirizi, kwa kuogopa macho ya watu katika umati wa sikukuu. Zamani makabila mengine ya Afrika Mashariki yaliwaogopa mapacha kama mkosi, na mengine, kama Waganda, yaliwashangilia hata wazazi wakapewa majina ya heshima, Ssalongo na Nnalongo. Uislamu haukuwafanya kuwa mkosi wala miujiza. Mtukufu Mtume s.a.w. aliwaombea Hasan na Husein kinga kwa Mwenyezi Mungu, kama Nabii Ibrahimu a.s. alivyowaombea Ismaili na Is-haka. Tumweleze bibi kwa upole kwamba kinga yetu ni dua.

Wasifungiwe nyumbani

Mtukufu Mtume s.a.w. aliamuru wanawake nao watoke kwenda kwenye uwanja wa Idi. Na siku moja alipokuwa akihutubu, Hasan na Husein waliingia wamevaa kanzu nyekundu, wakitembea na kuanguka. Akashuka katika mimbari, akawabeba wote wawili, akawaweka mbele yake. Hakumbeba mmoja akamwacha mwingine, wala hakumlaumu mama yao. Mwenye kukunja uso asikiapo mtoto akilia katika sala ya Idi na aikumbuke habari hii.

Tumalizie kwa kisa alichokisimulia Bibi Aisha r.a. Mwanamke maskini alimjia na binti zake wawili, naye akampa tende tatu. Mama akampa kila binti tende moja, na ya tatu akaiinua ili ale mwenyewe. Mabinti wakaitaka. Akaipasua, akawagawia nusu kwa nusu, yeye asile kitu. Mtukufu Mtume s.a.w. alipoambiwa alisema kwamba kwa tende hiyo Mwenyezi Mungu amempa mwanamke yule Pepo.

Ndugu msomaji, jiulize: katika nyumba yako, au ya jirani yako, yuko mama apasuaye tende ya mwisho na hakuna amwonaye? Idi hii usimpe hongera tu. Mpokee mtoto mmoja.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waadilifu kwa watoto wetu na wapole kwa mama zao. Amin.