Chungu Kimoja Njiani: Somo la Mfuko wa Safari ya Pwani



Ndugu wasomaji, likizo ndefu ikikaribia, mazungumzo ya pwani huanza. Mwaka jana ndugu 8 tulitoka Mbale kwa haisi ya kukodi. Kwa idhini ya mwenye gari tulitoa viti vya nyuma, tukatandika magodoro, tukafunga hema na sufuria juu ya keria. Wanne walilala garini, wanne hemani. Tulifika Mombasa, tukapanda hadi Malindi, kisha tukashuka Tanga na Pangani. Tulirudi salama, alhamdulillah. Lakini mimi ndiye niliyekuwa amiri, na kuna kosa nililolifanya ambalo sitaki mlirudie.

Siku ya 6, tukiwa Malindi, niligundua kwamba zaidi ya nusu ya mfuko imekwisha. Tulikuwa tukila hotelini kila siku. Nikatangaza nyongeza, kila mtu atoe sawa. Ndugu mmoja akasema yeye amefunga. Kesho yake akafunga, na kesho kutwa pia. Tukamsifu kwa ibada yake. Baadaye akasema tumbo linamsumbua. Tuliporudi chuoni ndipo nilipojua ukweli: hakuwa na kitu mfukoni, na aliona haya kula chakula ambacho hakukichangia. Tulikuwa tumekaa naye gari moja, na hatukumwona.

Masahaba walivyofanya

Imam Bukhari amepokea kwa Jabir bin Abdillah habari za msafara wa watu 300 uliotumwa upande wa ufukwe wa bahari, amiri wao akiwa Abu Ubayda bin al-Jarrah. Masurufu yalipopungua njiani, Abu Ubayda aliamuru kila mwenye chakula akilete. Kikakusanywa, kikajaa mifuko miwili ya tende. Akawa anawagawia kidogo kidogo kila siku, mpaka ikafika tende moja kwa mtu. Kisha Allah akawatolea samaki mkubwa mfano wa kilima, wakamla siku 18.

Sisi hupenda kusimulia habari za samaki. Tutazame kwanza zile tende. Amiri hakusema mwenye nacho ale na asiye nacho avumilie. Alipunguza fungu, hakupunguza watu.

Bukhari ameiweka hadithi hii katika Kitabu cha Ushirika, pamoja na ile ya Waash'ari, ambao chakula kilipowapungukia walikusanya walichonacho katika nguo moja, wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja. Mtume (s.a.w.) aliwasifu kwamba wao ni wake na yeye ni wao. Wanazuoni huuita mchango wa wasafiri *nahd*, na wameeleza kwamba hapana ubaya mmoja akila zaidi na mwingine kidogo, maana msingi wake ni kusameheana. Angalia vizuri: kila mmoja alileta alichonacho, lakini mgao ulikuwa sawa. Mimi niligeuza. Nilitaka mchango uwe sawa, mgao ukawa wa mwenye uwezo.

Tupange vipi?

1. Hesabu mafuta kwa lita kabla ya shilingi, kwa sababu utapita nchi tatu zenye sarafu tatu. Kutoka Malaba hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 900. Safari yetu, kwenda na kurudi, ilikuwa kama kilomita 2,700. Gari likienda kilomita 9 kwa lita moja, hizo ni lita 300. Gawanya kwa watu 8, utapata lita 37 na nusu kwa kila mtu.

2. Pikeni wenyewe mlo mmoja kwa siku. Robo kilo ya mchele kwa mtu ni kilo 2 kwa watu 8, na kilo 28 kwa siku 14. Samaki nunueni asubuhi wavuvi wanapoteremka.

3. Kabla ya kuondoka, amiri azungumze na kila mmoja faragha: unaweza kutoa kiasi gani bila kugusa ada ya masomo wala kukopa? Jumla ndiyo iamue urefu wa safari. Zikitosha siku 9, nendeni siku 9.

4. Tengeni sehemu moja ya kumi kwa dharura, aishike mtu mwingine asiye amiri. Matumizi yasomwe kila usiku baada ya Isha.

5. Kumbukeni kadi mbili za njano. Moja ni ya gari, bima ya COMESA ya kuvuka mipaka. Nyingine ni ya mwili, cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kwa kuingia Tanzania chukueni pasipoti.

6. Msiegeshe gari mchangani bila kuuliza wenyeji. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu. Maji yaliyokuwa mbali jioni yanaweza kukukuta usingizini.

Kuhusu swala, kwa madhehebu ya Shafi'i safari ya kilomita 80 na zaidi kidogo inaruhusu kupunguza na kukusanya. Ukinuia kukaa mahali siku 4 kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, unaswali kamili. Ukiswali nyuma ya imamu mkaazi, unakamilisha pamoja naye.

Maswali ya kujadili katika darsa

- Kwa nini ndugu yetu aliona ni rahisi kufunga kuliko kusema?
- Je, amiri anaweza kujua hali ya mtu bila kumvunjia heshima?
- Katika jumuiya yetu, ni shughuli gani ambazo wenzetu hawahudhurii kwa sababu ya mchango?

Nilimwomba msamaha ndugu yule, naye akasamehe. Likizo ijayo tunatarajia kwenda naye tena, inshaallah, na safari hii yeye ndiye mshika mfuko.

Allah atujaalie wasafiri wenye kuonana. Wabillahi tawfiq.