Mti wa flamboyani: kivuli na maua katika lupango

Katika vijiji vya kando ya migodi, miti ya pori imekatwa mingi kwa kuchoma makala. Nyumba inabaki juani, mabati yanawaka, watoto hawana pa kukaa mchana. Ninyi wenye lupango, pandeni flamboyani. Asili yake ni Madagaska. Maua yake ni mekundu, na matawi yanafunika mahali papana.

Mbegu hupatikana bure. Zimo ndani ya maganda marefu, meusi, magumu. Ganda la mbegu nalo ni gumu. Ukiipanda kavu itakaa siku nyingi bila kuota. Basi chemsha maji, yaondoe motoni, tia mbegu, ziache mpaka kesho. Zilizovimba, zipande. Zisizovimba, zitie tena katika maji ya moto.

Panda mwezi wa nane katika makopo yaliyotobolewa chini. Mwagilia. Mvua ikishika vizuri, mwezi wa kumi na mbili, hamisha miche.

Sasa sikilizeni neno kubwa: mahali. Wengi hupanda karibu na ukuta, maana mche ni mdogo. Lakini mizizi ya flamboyani hutambaa juu juu na kwenda mbali. Ikifika ukutani inapasua, na mwenye nyumba anachukua shoka wakati ule ule mti unapoanza kumpa kivuli. Kazi ya miaka yote inakwenda kuwa makala! Hesabu hatua kumi toka nyumba, choo na kisima. Chagua upande wa magharibi, maana jua la alasiri ndilo linaloumiza. Muhogo na karanga, zipande mbali na mti huo.

Tazama udongo pia. Mahali majani yanapokataa kuota, huenda pana shaba. Kule Lubumbashi tanuru la shaba lilianza kazi mwaka 1911, na udongo uliopokea moshi wake umebaki na shaba nyingi. Mahali pa namna hii usipande.

Chimba shimo la sentimita 60, changanya udongo na samadi iliyooza. Zungushia miti, mbuzi wasile. Kiangazi cha kwanza na cha pili mwagilia, na lima pande zote, moto wa pori usifike.

Wakati wa baridi majani huanguka. Si ugonjwa, jua linapita kupasha nyumba moto. Maua yatakawia miaka mitano au zaidi, lakini kivuli huja mbele yake.