Adabu za Taazia: Maneno Machache kwa Mfiwa Aliye Mbali

Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mwenye kuhuisha na kufisha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Taazia ni kumliwaza mfiwa na kumhimiza asubiri kwa kutaraji malipo ya Mola wake. Wakati wake ni siku 3, isipokuwa kwa aliyekuwa mbali au aliyechelewa kupata khabari.

Mfano: Mhandisi, asili yake Unguja na wazee wake wako Oman, anakaa Upper Marlboro, makao makuu ya wilaya ya Prince George's katika jimbo la Maryland, mashariki ya Washington. Anapigiwa simu kuwa mama yake amefariki Maskati. Sharia imehimiza kuharakisha maziko, na safari ya ndege ni zaidi ya nusu siku. Basi mama huzikwa kabla mwana hajafika. Katika majira ya baridi tofauti ya saa ni 9: watu wakirejea makaburini baada ya Alasiri, kwake yeye ndiyo kwanza kumepambazuka. Hakubeba jeneza, hakusalia, wala hakutia udongo.

Kazi ya mhandisi ni kutafuta sababu. Ukuta ukipasuka, huuliza kosa lilikuwa wapi. Msiba ukimfika huanza kuhesabu vivyo hivyo: lau ningelikwenda mwezi uliopita, lau angelipelekwa hospitali nyingine. Mtume (S.A.W.) ametukataza kusema "lau" juu ya lililokwisha kupita, kwani neno hilo hufungua mlango wa amali ya shetani. Mwenye kutoa taazia akimwuliza, "Kwa nini hukuwahi?" huwa amemsaidia kuufungua mlango huo.

Kwa hivyo yazingatiwe haya:

1. Maneno yawe machache. Mpe mkono, useme: "Mwenyezi Mungu akukuzie ujira wako na akujaalie subira njema." Yatosha. Binti wa Mtume (S.A.W.) alipompelekea khabari kuwa mwanawe yumo katika kukata roho, jawabu lilikuwa fupi: alichokichukua Mwenyezi Mungu na alichokitoa vyote ni Vyake, na kila kitu kina muda wake, basi na asubiri. Alipoitwa tena alikwenda, akampokea mtoto mikononi, na machozi yakamtoka.

2. Mfiwa asizuiliwe kulia. Kilichokatazwa ni mayowe, kujipiga na kuchana nguo. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim.

3. Apelekewe chakula. Alipouawa Jaafar bin Abi Talib huko Muuta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliamrisha watu wake wapikiwe, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Ughaibuni, ambako jamaa ni wachache, familia mbili tatu zigawane siku hizo.

4. Jamaa walioko Maskati wasipokee wageni barazani wakamsahau aliye mbali. Naye ni mfiwa kama wao. Wampigie simu, na majonzi yakipungua wamweleze yaliyobaki mikononi mwake: kumwombea mama yake, kulipa madeni yake, kutekeleza wasia wake na kuwaunga jamaa na rafiki zake.

Yaliyompita hayarudi, lakini wema kwa mzazi haukatiki kwa mauti.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.