Skii ya chuoni: jiandae ukiwa bado nyumbani

Umepata nafasi chuoni Vermont, Colorado au Utah, nawe unatoka Rongo au Mbita. Huko vyuo hushindana kwa skii kila majira ya baridi, na jezi ya chuo unaweza kuivaa pia. Mazoezi yaanze sasa.

Chagua mbio zako mapema. Ubingwa wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, una skii ya kuteremka mlima, yaani slalom na giant slalom, na skii ya masafa (cross-country). Pointi za wanaume na wanawake hujumlishwa, na timu haizidi watu 12. Wewe shika masafa. Kuteremka kunataka aliyekulia kwenye theluji. Masafa yanataka pumzi, na pumzi inajengwa hapa hapa.

Mfano ni Mkenya mwenzetu Philip Boit, aliyekuwa mkimbiaji wa mita 800. Alianza skii 1996, akaenda kujifua Finland, na 1998 akashiriki kilomita 10 katika Olimpiki ya Nagano. Alimaliza wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie, akamsubiri ili amkumbatie. Wengi hukumbuka kumbatio lile tu. Mimi namheshimu zaidi kwa kurudi Olimpiki 2002 na tena 2006.

Ili kujenga pumzi, panda mlima Asego, pale Homa Bay, ukiwa na fimbo mbili nyepesi zinazofika chini kidogo ya kwapa. Ruka kwa hatua ndefu, mkono wa kulia ukienda na mguu wa kushoto. Choma fimbo ardhini, sukuma hadi kiganja kipite nyonga. Kushuka, tembea tu. Magoti hayo bado unayahitaji.

Wakimbiaji wetu wana miguu; mikono ndiyo huwaangusha. Jivute kwenye tawi la mwembe, fanya mazoezi ya tumbo na mgongo. Kama kwenu kuna mtumbwi, piga kasia.

Ili kujenga usawa wa mwili, ukipiga mswaki simama kwa mguu mmoja, kisha badilisha. Ukizoea, funga macho.

Ukipata skii za magurudumu, vaa helmeti na utafute lami tulivu isiyo na mteremko. Nyingi hazina breki. Barabara ya Migori kwenda Isebania, yenye malori, usiiguse.

Nguo tafuta mitumba. Jaketi la skii utalijua kwa kimfuko kidogo kwenye mkono wa kushoto na kitambaa cha ndani kinachofungwa kiunoni kuzuia theluji. Za kuvaa ndani zisiwe za pamba: zikilowa jasho, utaganda.

Mwandikie kocha kabla ya kusafiri. Mtumie muda wako wa mita 5,000 na video fupi ukipanda mlima. Timu za NCAA huchukua hasa walioshindana tangu utotoni, kwa hiyo ulizia pia klabu ya chuo iliyo chini ya USCSA, ambayo ina mashindano yake ya taifa. Uliza waziwazi: mnapokea wanaoanza? Mnaazima skii na viatu? Nauli ya mashindano analipa nani?

Siku ya kwanza kwenye theluji, jifunze kusimama kabla ya kukimbia. Kunja magoti, karibianisha ncha za mbele za skii, tanua za nyuma, kandamiza kingo za ndani. Rudia kwenye mteremko mdogo hadi usimame pale unapotaka, kisha ndipo umwombe kocha akupeleke njia ya masafa.