Alama Ambazo Si Zetu: Uaminifu Katika Masomo

Somo la familia na vikundi vya nyumbani
Maandiko ya kusoma: Mithali 11:1 na Luka 16:10



Karibu kila nyumba yetu hapa Sydney ina mtu anayesoma. Yupo kijana wa HSC, yupo dada anayesomea uuguzi TAFE huku akifanya zamu za usiku katika nyumba ya wazee, yupo baba aliyerudi darasani kwa sababu vyeti vyake vya nyumbani havikutambuliwa hapa. Wote tunawaombea wafaulu. Wiki hii tunaomba tujiulize pia: alama tunazozipata ni zetu kweli?

1. Tatizo tunalolijua tangu nyumbani

Wengi wetu tulisoma shule ambazo kuibia mtihani kulikuwa na majina yake. Kenya wanasema mwakenya, Tanzania wanasema kupiga chabo. Tulicheka, lakini tuangalie kicheko hicho kilitufikisha wapi.

Kenya, matokeo ya KCSE ya mwaka 2015 ya watahiniwa 5,101 yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu. Machi 2016 serikali ikaivunja bodi ya baraza la mitihani, KNEC. Mtihani wa mwaka huo ulilindwa vikali, na waliopata A nchi nzima walikuwa 141 tu. Mwaka uliotangulia walikuwa zaidi ya 2,600. Watu walibishana sana kuhusu namna ulivyosahihishwa, lakini wazazi wengi walibaki na swali: zile A za zamani, ngapi zilikuwa za kweli?

Tanzania, Aprili 2017, Rais Magufuli alipokea mjini Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti. Watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Walikuwemo watumishi wa afya, na vituo vingine vilibaki na upungufu wa wahudumu. Aliyeumia hapo si mwenye cheti feki peke yake. Ni pia mgonjwa aliyefika zahanati asimkute mtu, na kabla ya hapo, mgonjwa aliyehudumiwa na mtu asiyejua anachokifanya.

2. Biashara inayounganisha Sydney na Nairobi

Tusidhani kwamba tuliyaacha hayo uwanja wa ndege. Novemba 2014 gazeti la Sydney Morning Herald lilifichua tovuti iliyoitwa MyMaster, iliyoendeshwa hapa hapa Sydney na kutangazwa kwa Kichina. Iliwaandikia wanafunzi asaimenti kwa malipo. Gazeti lilisema waliohusika walifika hadi 1,000, kutoka vyuo vikuu 16. Wengi walikuwa wageni kama sisi: Kiingereza hakijakaa sawa, ada ni kubwa, na nyumbani wanasubiri habari njema tu.

Upande wa pili wa biashara hii uko kwetu. Nairobi kuna maelfu ya vijana wasomi wanaoishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa Ulaya, Marekani na Australia. Filamu ya hali halisi iitwayo The Shadow Scholars, iliyotoka mwaka 2024, inamfuata Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mzaliwa wa Kenya, akizungumza na waandishi hao. Wengi wana shahada na hawakupata ajira.

Tutafakari hapo. Anayesoma vitabu, anayekesha na anayeelewa yuko Nairobi, na hapati cheti. Anayepokea cheti yuko huku, na hajui kilichoandikwa ndani ya kazi yake. Inawezekana anayelipa ni kijana wa jamii yetu na anayeandika ni binamu yake. Hatuwahukumu ndugu wanaotafuta ugali, lakini hatuwezi kuiita biashara hiyo msaada.

3. Alama ni mizani

Mithali 11:1 inazungumzia mizani. Mnunuzi sokoni hana njia ya kujua kilo moja ni kilo moja. Anaamini jiwe la mizani. Alama za shule ni jiwe hilo. Mgonjwa hawezi kumpa muuguzi mtihani kabla ya kuchomwa sindano. Anaamini cheti.

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunaliona hili kila zamu. Chukueni mfano mwepesi. Daktari ameandika mofini miligramu 4. Kichupa kina miligramu 10 katika mililita 1. Unachotakiwa kuvuta ni mililita 0.4. Ukikosea nukta ukavuta mililita 4, umempa mgonjwa dozi mara kumi, na anaweza kuacha kupumua. Ndiyo maana dawa kama hiyo huhakikiwa na watu wawili. Lakini wa pili ni kinga tu ikiwa naye anajua hesabu. Kama wote wawili walinunua asaimenti zao, pale kitandani hakuna aliyehakiki kitu.

Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 kwa kuuza diploma feki za uuguzi zaidi ya 7,600 kupitia shule tatu za Florida. Baadhi ya walionunua walifaulu hata mtihani wa leseni na kuajiriwa. Kufaulu mtihani mmoja si sawa na kufundishwa, kufanya mafunzo wodini na kusahihishwa na mtu aliyekutangulia.

4. Sheria ya hapa inasemaje

Familia zetu zijue hili vizuri. Tangu mwaka 2020 Australia ina sheria inayokataza huduma za kuwafanyia wanafunzi wa elimu ya juu kazi zao. Anayeifanya kwa biashara anaweza kufungwa hadi miaka miwili, na faini inaweza kupita dola 100,000. Hata anayefanya bure anaweza kutozwa faini. Sheria inamgusa pia aliye nje ya nchi, na mamlaka ya TEQSA inaweza kuomba mahakama ifunge tovuti zao. Kwa hiyo kaka anayemwandikia mdogo wake asaimenti nzima "kwa upendo" anajiweka hatarini.

Mwanafunzi mwenyewe hashtakiwi kwa sheria hiyo, lakini chuo kinaweza kumfelisha, kumsimamisha au kumfukuza. Kwa mwenye viza ya masomo, kufukuzwa chuo kunaweza kuwa mwisho wa kukaa nchini. Tena TEQSA imeonya kwamba wauzaji hao huwageuka wateja wao: wanadai pesa zaidi, wakitishia kuwataja chuoni au kazini, hata miaka mingi baadaye. Kwa dola mia chache, mtu ameuza usingizi wake.

5. Kwa nini vijana wetu wanajaribiwa

Tusiwalaumu vijana peke yao. Wakati mwingine shinikizo linaanzia sebuleni. Tunawaambia, "Hatukuvuka bahari ili ufeli." Tunawalinganisha na mtoto wa fulani. Mtu anafanya zamu tano kwa wiki, anatuma pesa nyumbani, halafu asaimenti tatu zinadaiwa Ijumaa moja. Akipokea ujumbe wa simu unaomwahidi "msaada wa masomo", anaona mlango umefunguka.

Luka 16:10 inatukumbusha kwamba uaminifu hupimwa kwenye dogo. Mtoto akiona nyumbani kwamba alama ni muhimu kuliko ukweli, amekwisha kujifunza somo hilo kabla hajafika chuo. Akiona anaweza kusema "nimefeli" na bado akapakuliwa chakula na kuitwa kwa jina lake, hatakuwa na haja ya kununua kitu.

6. Tufanye nini

Kwa wanafunzi: ombeni msaada mapema. Ukiugua au ukifiwa, peleka ombi la special consideration pamoja na ushahidi. Vyuo vina vitengo vya kusaidia uandishi na Kiingereza, bila malipo. Ukiona somo limekuzidi, unaweza kujitoa kabla ya siku ambayo vyuo huiita census date, na hutadaiwa ada yake. Mwenye viza ya masomo aongee kwanza na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Na kuhusu ChatGPT na programu nyingine za akili mnemba, kila somo lina kanuni yake: soma kanuni, uliza, na sema wazi ulichotumia.

Kwa wazazi: ulizeni "umejifunza nini?" kabla ya "umepata ngapi?"

Kwa kanisa: wapo miongoni mwetu walimu, wauguzi na wahasibu. Kumweleza mdogo wako somo, kumsikiliza akilirudia kwa maneno yake na kumwonyesha alipokosea, huo ni msaada halali na wa thamani. Kalamu tu ibaki mkononi mwake.

Na kama yupo ambaye tayari ameingia katika biashara hii na sasa anatishwa, asikae nayo peke yake. Usiwatumie pesa nyingine. Nenda kwa kitengo cha ushauri wa wanafunzi chuoni, na uje kwa kiongozi unayemwamini akusindikize. Njia ya kurudi itakuwa na gharama, lakini haizidi ile ya kuishi kwa hofu.

Maswali ya kujadili

1. Nyumbani kwetu, mtoto anaweza kusema "nimefeli" bila kuogopa? Tunajuaje?
2. Kuna tofauti gani kati ya kumsaidia mtu na kumfanyia kazi yake? Toeni mifano.
3. Nani anaumia pale cheti kinaposema uongo? Mtajeni mtu, msiseme "jamii".
4. Ndugu yetu Nairobi anaishi kwa kuandika asaimenti za wengine. Tungemwambia nini, na tungemsaidiaje kwa vitendo?

Tuombe pamoja kwa ajili ya wote wanaosoma muhula huu: wapate nguvu, wapate muda, na wakitembea jukwaani siku ya mahafali, jina linaloitwa liwe la yule aliyeifanya kazi.